Likizo Marekani bila gari: New York, Washington, Chicago au New Orleans?

Viza ikishapatikana na ruhusa ya kazini ikiwa mkononi, linabaki swali linalowachosha wengi: niende mji gani? Kutoka New York hadi Los Angeles ni karibu kilomita 4,000, saa sita angani, na kila ndugu aliyeko huko atakuapia kwamba mji wake ndio Marekani yenyewe. Matokeo yake watu hupanga miji mitano kwa siku kumi, wakarudi nyumbani na picha za viwanja vya ndege.

Ushauri wangu ni kuchagua mmoja, au miwili iliyo jirani, na kuchagua kwa kujiuliza siku yako itapita vipi kuanzia asubuhi hadi usiku, na utakuwa na nani. Umaarufu wa mji hautakusaidia saa nne asubuhi ukiwa na mama mwenye magoti mabovu na watoto wawili wenye njaa.

Nimechukua miji minne tu, kwa sababu moja: mgeni anaweza kukaa wiki nzima bila kukodi gari. Los Angeles, Houston na Orlando ina mengi, lakini bila gari utategemea teksi za kuita kwa simu au huruma ya mwenyeji wako, ambaye huenda anaingia kazini alfajiri. Na anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania amezoea kuendesha kushoto. Kujifunza upande wa kulia kwenye barabara ya njia sita, ukiwa na uchovu wa safari, si mapumziko.

## Nimepima kwa vigezo gani

Kila mji nimeupima kwa mambo yaleyale: kufika na kuzunguka, gharama, majira, vya kuona, chakula (pamoja na swali la halali), kisha mtu unayemfaa. Kwenye majira nimeangalia miezi ambayo familia zetu husafiri: Juni kwa wenye watoto shuleni Tanzania, Agosti kwa Kenya, na Desemba kwa wote.

Kuna mambo ambayo hayabadiliki popote utakapokwenda. Masharti ya viza kwa raia wa nchi zetu yamekuwa yakibadilika, tena ghafla, hivyo soma tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako kabla ya kulipia tiketi. Ukiunganisha ndege, mizigo yako utaichukua kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani, upite uhamiaji na forodha, kisha uikabidhi tena. Nafasi ya saa moja kati ya ndege na ndege haitoshi. Halafu bei unayoiona kwenye rafu au kwenye menyu si unayolipa: kodi huongezwa kwenye malipo, na mgahawani bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ni sehemu ya kipato cha mhudumu. Iweke kwenye bajeti mapema.

## New York

Kufika na kuzunguka. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi uwanja wa JFK, safari ya saa 15 hivi. Kwa mzee, au kwa mama mwenye mtoto mchanga, hilo peke yake laweza kumaliza mjadala. Mjini kuna treni za chini ya ardhi zenye vituo 472, na hazilali. Saa nane za usiku bado utapanda. Nauli ni kama dola 3, unagusisha kadi ya benki au simu getini, na ukitumia kadi ileile kwa siku saba, ukishafika kikomo cha malipo safari zinazobaki ni za bure. Tatizo ni umri: mfumo ulifunguliwa 1904 na vituo vingi havina lifti. Mwenye kigari cha mtoto, au anayetembelea mkongojo, ataziona ngazi nyingi kuliko maghorofa.

Gharama. Ni ghali kuliko mingine yote, na kinachouma zaidi ni malazi. Tangu Septemba 2023 jiji limebana ukodishaji wa nyumba kwa muda mfupi. Kwa chini ya siku 30 mwenye nyumba lazima awemo humo pamoja nawe, kwa hiyo zile fleti za bei nafuu za kwenye programu za simu zimeadimika. Wengi huokoa fedha kwa kulala Long Island City upande wa Queens, au Jersey City ng'ambo ya mto Hudson, dakika chache kwa treni kutoka Manhattan. Kwa wanunuzi kuna unafuu wa kweli: nguo au viatu vya chini ya dola 110 kwa kipande havitozwi kodi ya mauzo.

Majira. Mei, Juni, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Agosti kuna joto zito, na vituo vya treni huwa kama tanuri. Desemba mji umejaa taa, watu, na bei za hoteli zilizopaa. Januari na Februari bei hushuka, na baridi haina huruma.

Vya kuona. Vikubwa vingi ni vya bure. Central Park ni hekta 341 katikati ya jiji. Daraja la Brooklyn la mwaka 1883 lina njia ya waenda kwa miguu. Kivuko cha Staten Island hakilipishwi, usiku na mchana, na hupita mahali ambapo Sanamu ya Uhuru inaonekana vizuri. Ukikutana na mtu anayekuuzia tiketi ya kivuko hicho, mpite. Majumba makubwa ya sanaa, kama Metropolitan, humtoza mgeni mtu mzima dola 30. Ningekuomba usikose sehemu mbili ambazo watalii wengi huziruka: makaburi ya Waafrika kusini mwa Manhattan, yaliyofukuliwa 1991 wakati wa ujenzi wa jengo la serikali, na leo ni eneo la kumbukumbu la taifa, na kituo cha Schomburg kule Harlem, maktaba ya historia ya watu weusi wa dunia nzima.

Chakula. Hapa Mwislamu hana shida. Mikokoteni ya wali na kuku wa halali imesimama karibu kila kona ya katikati ya Manhattan, na Queens utakula chakula cha Bangladesh, Yemen, Misri au Uzbekistani kwa bei ya kawaida.

Unamfaa nani. Mtu mwenye miguu, mwenye pesa kidogo ya ziada, anayependa msongamano na asiyejali kulala chumba kidogo. Kwa anayetafuta utulivu, siku tatu zinatosha.

## Washington

Kufika na kuzunguka. Ethiopian Airlines hufika uwanja wa Dulles kutoka Addis Ababa, na mashirika makubwa ya Ghuba pia yapo, jambo linalowafaa walioko Muscat, Dubai na Doha. Tangu Novemba 2022 treni ya metro imefika Dulles, hivyo unatoka ndegeni hadi katikati ya mji bila teksi. Metro hii ilianza 1976, ni safi, na kila kituo kina lifti. Eneo la Georgetown halina kituo. Huko utakwenda kwa basi au miguu.

Gharama. Hapa ndipo Washington inapoishinda mingine. Makumbusho ya Smithsonian, taasisi ya taifa yenye majumba mengi mjini humu, hayana kiingilio. Wala bustani ya wanyama ya taifa, wala jumba la taifa la sanaa. Familia ya watu watano inaweza kushinda siku nzima ndani ya majumba ya kiwango cha juu duniani na kulipia chakula tu. Hoteli hutegemea shughuli za serikali: katikati ya wiki ni ghali, mwisho wa wiki hushuka, na Agosti, Bunge likiwa mapumzikoni, hushuka zaidi. Kulala Arlington, ng'ambo ya mto Potomac, kunapunguza bili na metro ipo.

Majira. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili ni wakati wa maua ya miti ya micheri, asili yake zawadi ya zaidi ya miti 3,000 kutoka mji wa Tokyo mwaka 1912. Ni uzuri wa kweli, na umati wake ni wa kweli pia. Julai na Agosti joto lina unyevu kama Dar es Salaam ya Februari, lakini majumba yote yana viyoyozi. Desemba ni baridi ya kustahimilika, na makumbusho hufungwa siku moja tu, tarehe 25.

Vya kuona. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kuna jumba moja ambalo mimi naona linatosha kumpeleka mtu Washington. Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi yalifunguliwa Septemba 2016, na mmoja wa wasanifu wake, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966, mtoto wa mwanadiplomasia wa Ghana. Unaanza kwa kushushwa chini kabisa ya ardhi, kwenye biashara ya watumwa, kumbi zikiwa nyembamba na giza. Kisha unapanda taratibu, karne kwa karne, ukipita behewa halisi la treni lililowatenga weusi na weupe, na jeneza la awali la Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi 1955. Ukifika juu kuna mwanga, muziki na michezo. Mtu aliyekulia karibu na Bagamoyo au Zanzibar ataona kwamba historia ile ya soko la watumwa ina ndugu yake upande wa Atlantiki. Kuingia ni bure ila tiketi ya saa maalumu huchukuliwa mtandaoni, na huisha haraka. Ichukue ukiwa bado nyumbani. Tenga nusu siku, na usipange jambo zito baada yake.

Mengine yako umbali wa kutembea: kumbukumbu ya Lincoln, ile ya Martin Luther King iliyozinduliwa 2011, makumbusho ya ndege na vyombo vya anga, makumbusho ya sanaa ya Afrika. Tahadhari ni kwamba uwanja wa National Mall unaoyaunganisha ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye ramani, karibu kilomita tatu, na kivuli ni haba.

Chakula. Migahawa ya Waethiopia ni mingi mjini na kwenye vitongoji vya Silver Spring na Alexandria. Injera, nyama, dengu na mboga za mfungo: mtu wa Afrika Mashariki hatajiona mgeni. Kwa halali, uliza kabla ya kuagiza.

Unamfaa nani. Familia, wazee, wanafunzi, na kila mwenye kubana matumizi. Anayetaka usiku wa kelele na mitaa isiyolala ataona mji unafunga mapema.

## Chicago

Kufika na kuzunguka. Uwanja wa O'Hare hupokea ndege za Addis Ababa, Doha na Dubai. Treni ya mstari wa buluu inatoka O'Hare hadi katikati ya mji saa zote 24. Treni nyingine hupita juu ya barabara kwa nguzo za chuma, na mzunguko wake wa katikati ni matembezi kamili kwa nauli ya kawaida.

Gharama. Ni nafuu kuliko New York, lakini kodi ya hoteli inazidi asilimia 17, kwa hiyo angalia bei ya mwisho kabla ya kushangilia. Hoteli hupanda Juni hadi Agosti na kushuka sana wakati wa theluji.

Majira. Hili ndilo linaloamua. Juni hadi Septemba Chicago huenda ndio mji mzuri kuliko yote minne. Ufuo wa Ziwa Michigan uko wazi kwa kila mtu, mchanga upo, maji ni baridi lakini watu huogelea, na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli inafuata ziwa kwa kilomita 29. Desemba hadi Machi upepo wa ziwani hukata mifupa. Usiwapeleke watoto wa Mombasa huko Januari bila makoti ya kweli na viatu vya theluji.

Vya kuona. Mji uliungua 1871, na waliojenga upya walipata nafasi ya kujaribu vitu: Home Insurance Building la 1885, ambalo limekwishabomolewa, hutajwa kuwa ghorofa refu la kwanza lililoshikiliwa na fremu ya chuma. Lipia boti ya mtoni yenye mwongozaji wa usanifu wa majengo. Ni pesa iliyotumika vizuri. Bustani ya Millennium na ile sanamu ya Anish Kapoor inayong'aa kama kioo ni bure, na bustani ya wanyama ya Lincoln Park pia.

Kisha kuna Field Museum, ambako Mkenya atakutana na wenzake: simba wawili wa Tsavo. Hawa ndio simba dume wasio na manyoya ya shingo waliowaua wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898, hadi John Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli hiyo, alipowapiga risasi. Ngozi zao zilikaa kwake miaka 25 kama mazulia kabla ya kuuzwa Chicago kwa dola 5,000. Patterson alidai waliua watu 135. Watafiti waliopima mifupa na nywele zao miaka mingi baadaye walikadiria kama 35. Mtoto aliyepita Tsavo kwa SGR na kusimuliwa habari hii atasimama mbele ya kioo kile kwa muda mrefu.

Kwa wapenda riadha, mbio za marathoni za Oktoba huzunguka mitaa ya mji, na kutazama ni bure. Hapo ndipo Kelvin Kiptum alikimbia saa 2:00:35 tarehe 8 Oktoba 2023, akaweka rekodi mpya ya dunia, miezi michache kabla ya ajali iliyomuua.

Chakula. Piza yake nene hula muda wa karibu saa nzima kuokwa, na kipande kimoja kinatosha. Kwa biriani, chapati na nyama ya halali, panda basi uende mtaa wa Devon, kaskazini mwa mji, penye maduka ya Wahindi na Wapakistani.

Unamfaa nani. Familia inayosafiri Juni au Agosti, wapenda majengo, na anayetaka jiji kubwa lisilomsukuma. Desemba unamfaa mtu aliyekusudia kuiona theluji.

## New Orleans

Kufika na kuzunguka. Hakuna ndege ya kutoka Afrika wala Ghuba. Utaunganisha Atlanta, Houston au New York. Mji wa kitalii ni mdogo: French Quarter unaizunguka kwa miguu, na tramu ya St. Charles, inayofanya kazi tangu 1835, inakupitisha chini ya mialoni mikubwa kwa dola 1.25. Nje ya hapo usafiri wa umma ni dhaifu.

Gharama. Malazi ni ya wastani kwa mwaka mzima, isipokuwa wakati wa kanivali ya Mardi Gras (Februari au mwanzoni mwa Machi) na tamasha la Jazz Fest (mwisho wa Aprili), bei zinaporuka mara kadhaa. Muziki wenyewe mara nyingi ni wa bure barabarani; mpe mpiga tarumbeta chochote.

Majira. Oktoba hadi Aprili. Desemba mchana huhitaji sweta tu. Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga, na Agosti na Septemba ndiyo kilele. Katrina ilipiga tarehe 29 Agosti 2005. Ukienda miezi hiyo, kata tiketi inayobadilishika.

Vya kuona. Watu huja kwa ajili ya Bourbon Street, nami naona huo ndio mtaa dhaifu kuliko yote: kelele, pombe, na si mahali pa watoto usiku. Nenda Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Jumapili watumwa waliruhusiwa kukusanyika hapo, wakauza vitu vyao, wakapiga ngoma na kucheza kwa mitindo ya walikotoka, Kongo ikiwamo. Muziki wa jazi uliotokea mjini humu una mizizi kwenye mkusanyiko ule. Usiku nenda Preservation Hall, chumba kidogo cha tangu 1961 ambako muziki hupigwa kwa ala tupu, bila makelele ya spika. Na ukiweza lipia basi la kwenda Whitney, shamba la zamani la miwa lililofunguliwa kwa umma 2014, linalosimulia habari za waliotumikishwa badala ya kusifia nyumba ya bwana.

Chakula. Huenda ndicho bora kuliko cha miji yote minne: gumbo la bamia na kamba, wali wa jambalaya, samaki, na maandazi ya beignet yaliyofunikwa sukari. Lakini soseji na mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye maharage. Mwislamu aulize kila chungu.

Unamfaa nani. Wapenda muziki na chakula, maharusi walio fungateni, marafiki. Kwa watoto wadogo na kwa anayetaka mji wa kwanza wa "kuiona Marekani," ni mji wa safari ya pili.

## Kulingana na hali yako

Kama ni safari ya kwanza na una wiki moja au zaidi, unganisha New York na Washington. Treni kati yake ni saa tatu na nusu hivi, mabasi ni ya bei nafuu zaidi. Lala usiku mwingi Washington na uchache New York; bajeti itapumua.

Mkienda na mzazi mwenye umri, Washington: lifti, viti, vyoo vya bure kila jengo. Epuka Julai.

Watoto wakifunga shule Juni au Agosti, jiulize wanataka kucheza au kujifunza. Chicago ina ziwa, Washington ina majumba ya bure. Wa chini ya miaka minane ningewapeleka ziwani.

Kwa Desemba, anayependa taa na pilikapilika aende New York akiwa amelipia hoteli miezi mingi kabla. Anayeogopa baridi aende New Orleans.

Kwa ununuzi wa kuja kuuza au kugawa, New York, ila pima uzito wa mizigo mapema.

Mpenda muziki mwenye siku za kutosha afanye jambo moja ambalo watalii wachache hulifanya: apande treni ya Amtrak kati ya Chicago na New Orleans, saa 19 hivi. Karibu na njia hiyohiyo, karne iliyopita, maelfu ya watu weusi walipanda kaskazini kukimbia Kusini ya ubaguzi, wakifuata kazi za viwandani, na muziki wa bluzi ukapanda nao. Chicago ya Juni ina tamasha la bure la bluzi; anza huko, kisha uteremke.

Na kama una ndugu anayekupa kitanda, basi anzia kwake. Akiwa Minneapolis, Chicago ni safari ya treni ya chini ya siku moja. Akiwa Houston, New Orleans ni saa sita au saba kwa basi. Akiwa Boston, New York ni saa nne kwa treni. Mpigie kwanza umuulize siku zake za mapumziko kazini, ndipo ukate tiketi.